Maji Hayajaiva

Parmuat alipotangaza kwamba atafuga samaki sebuleni, mkewe Florence alicheka, akadhani ni jua la Kitengela limempiga. Alipokuta sofa lake limetolewa nje verandani, kicheko kikamwishia.

Na si eti lilikuwa tangi la kuwekwa mezani. Futi nane za zege, kioo upande mmoja, lita elfu mbili za maji, kwa Mmaasai ambaye tangu azaliwe hajatia samaki kinywani! Lakini mikono isiyo na mfugo huwasha, na ya Parmuat ilikuwa inawasha mwaka mzima. Mvua ya kwanza baada ya ukame alikimbiza ng'ombe wake, mifupa mitupu, hadi kwenye nyasi changa. Kaka yake mkubwa, Lazarus wa Bisil, alimwambia ngoja. Angoje nani? Matumbo yakawafura, wakafa kumi na mmoja kwa wiki moja.

Sasa alikuwa amemwomba Lazarus mtamba mmoja tu wa kuanzia upya, kwani ndugu hamwachi ndugu bila mfugo. Lazarus hakusema ndiyo wala hapana. Alisema amesikia habari za samaki, na Jumamosi atakuja aone mdogo wake anafuga namna gani siku hizi.

Fundi alikuwa Kiilu, Mkamba bingwa wa mabomba na wa maneno. Swali la kwanza la Parmuat lilikuwa la mavi. Samaki thelathini watakula na kunya ndani ya maji hayo hayo, sasa nani atafagia hilo boma? Kiilu akamchorea kwenye kipande cha katoni: pampu inavuta maji ya chini na kuyapandisha kwenye pipa, sponji inashika uchafu, kisha maji yanapita kwenye changarawe, ambamo wanaishi vijidudu wasioonekana wanaomaliza sumu ya mavi. Parmuat akataka kujua vijidudu hao wanauzwa wapi. Kiilu akamwambia wanakuja wenyewe na kuzaana polepole, na maji huchukua wiki nne kuiva. Ukitia samaki leo, kesho kutwa unaokota mizoga.

Wiki nne, na tangi limejazwa Jumapili, Lazarus anakuja Jumamosi! Parmuat alibembeleza zishuke ziwe mbili, kisha moja, kama mtu anayenunua mbuzi sokoni Kiserian. Kiilu akasema yeye ni fundi wa bomba, si Mungu, akakusanya spana zake akaenda.

Ijumaa mwuza samaki akapiga simu. Walikuwa tayari, wote thelathini, wekundu kama shuka la Kimaasai, na angeweza kuwaleta jioni hiyo. Florence alimwambia mumewe akubali upesi. Alikuwa amechoka, maskini. Majirani wananunua maji kwa mtungi, halafu shemeji atoke Bisil kuja kuonyeshwa maji matupu? Parmuat alisimama na simu sikioni, mkono mmoja ndani ya tangi. Aliogopa kuchekwa, na mtamba alimtaka kuliko alivyotaka kula. Lakini wale ng'ombe kumi na mmoja walimjia mmoja mmoja, kwa rangi zao. Akamwambia mwuzaji awalete mwezi ujao.

"Basi mtamba umemuaga," Florence akasema.

Jumamosi Lazarus akafika, akaamkia supai, akaitikiwa, akanywa chai bila haraka. Kisha akaingia sebuleni na fimbo yake. Alilizunguka tangi mara mbili, akainama, akachungulia hata nyuma ya mawe. Florence akajifanya ana kazi jikoni.

"Samaki wako wapi?"

"Bado. Maji hayajaiva."

Parmuat akamweleza habari za pipa na changarawe. Lazarus akaweka sikio kwenye pipa, akasikiliza kama anayepima mimba ya ng'ombe.

"Uliambiwa ungoje muda gani?"

"Wiki nne. Hata moja haijaisha."

"Na ulijua nakuja leo."

"Nilijua."

Lazarus akayaangalia tena maji yale yasiyo na kitu. Kisha akaketi, akaomba chai nyingine.

"Kuja Bisil Jumatatu uchague mtamba," akasema. "Chagua pole pole."

Parmuat akamletea chai mwenyewe. Lazarus akapuliza chai yake.

"Na siku hao samaki wakiingia, niite. Nitakuja nione wakila."