Gari Lisilolala Shumba

Mume akija kukutaka shauri kwa jambo ambalo hajakutaka shauri maisha yake yote, mtazame usoni kwanza kabla hujamjibu. Bi Mwanamize hakumtazama. Alifurahi, na furaha, jamani, ina tabia mbaya ya kumziba mtu macho.

Siku hiyo ilikuwa ya zamu yake. Mumewe, Hamdan, alikuwa na wake wawili. Bi Mwanamize wa Shumba, kijijini, ndiye mke wa ujana, aliyemzalia watoto wakakua, wakaoa na kuolewa na kutawanyika. Widad, mke mdogo, alikaa mjini Chake Chake katika nyumba iliyo nyuma ya duka la magodoro la Hamdan, na mtoto wao alikuwa bado mdogo. Siku mbili kule, siku mbili huku, kama sharia inavyotaka. Tangu amuoe Widad hakuna aliyeweza kusema Hamdan amekosa siku.

Njia yote hiyo alikuwa akiifuata kwa Vespa. Vespa ndiyo iliyokuwa ikimleta, na tuseme kweli, Vespa ndiyo iliyokuwa ikimlaza. Mtu wa umri wake akitoka Chake mpaka Shumba juu ya kile kiti, anafika kiuno si chake tena. Hata angetaka kurudi usiku uleule, asingeweza. Basi akila, akilala, na alfajiri baada ya kusali akikaa ukumbini akisoma Kurani kwa sauti, na Bi Mwanamize yuko jikoni anachemsha chai anamsikiliza. Ladha yake ya dunia ilikuwa hapo. Sisemi mambo ya kitandani, hayo wenyewe wanayajua na hayatuhusu. Nasema kuamka ukasikia kuna mtu mwengine ndani ya nyumba. Siku ambazo si zake aliamka akasikia kuku.

Sasa daktari alikuwa amemkataza Hamdan Vespa kwa ajili ya mgongo. Ndipo akaja na simu yake, akakaa kwenye mkeka karibu na mkewe, akamwonyesha picha za magari mawili ya mtumba aliyotumiwa na dalali wa Unguja.

"Hili hapa la umeme mtupu," alisema. "Halina tangi wala moshi. Unalichomeka ukutani kama simu, asubuhi limejaa. Na hili jengine ni haibridi. Nalo unalichomeka, lakini lina na injini ya petroli. Betri ikimaliza, injini inapokea."

"Yaani mseto."

"Ndo mseto."

"Mie mseto naujua wa choroko," alisema Bi Mwanamize, na Hamdan akacheka. Alikuwa hajacheka naye hivyo siku nyingi. "Haya, na moyo wako wewe uko wapi?"

"Widad anataka la umeme. Mtoto ana pumu, moshi haumfai. Na petroli nayo unaijua, leo ipo, kesho foleni."

Jina la Widad lilimchoma, kama lilivyomchoma siku zote, lakini alijikaza. "Na hilo la umeme, Shumba linafika?"

Hamdan alikuna ndevu. "Kufika linafika. Ila betri ya mtumba imeshachoka. Likifika hapa, chaji ya kurudia halina."

Hayo tu ndiyo aliyosema. Angeuliza swali moja zaidi, Bi Mwanamize, moja tu: na likishafika hapa bila ya chaji ya kurudia, inakuwaje? Hakuuliza. Moyo wake ulishakimbilia kwengine. Aliiona siku ya zamu yake imefika na simu inalia, Hamdan anamwambia leo chaji haitoshi, nitakuja kesho. Kesho umeme umekatika. Keshokutwa mvua. Aliliona gari limefungwa kwa waya kwenye ukuta wa Widad kama mbuzi kigingini, na mshika kamba ni Widad. Akaogopa. Alikuwa na kitu kimoja duniani, nacho ni siku zake mbili, akaona zinakwenda.

Basi akaanza kazi, na mwanamke huyu akianza kazi hata maji hupanda mlima.

"Umeme wenyewe huu, Baba Asma? Huu unaotujia kwa waya chini ya bahari? Waya ukipata homa huko, kisiwa kizima kiza, na wewe na gari lako mnatazamana. Ukikwama njia ya Wingwi nani akuvute, ng'ombe? Na umri wako huu na mgongo wako huo, wa kusukuma gari? Mie nikishikwa na maradhi, unipeleke hospitali na kitu kinachotaka kulala kwanza ndo kiende? Chukua mseto. Umeme ukiwepo unatumia, usipokuwepo petroli ipo. Mtu hasafiri na mguu mmoja."

Na Hamdan akakubali. Huyu Hamdan ambaye kununua kanzu tu humzungusha soko zima na bado akarudi mikono mitupu, alikubali pale pale mkekani. "Umesema kweli," alisema. "Nitachukua haibridi." Halafu akaomba chai.

Bi Mwanamize alikesha na furaha yake. Asubuhi alimwambia jirani yake Saada, "Mara hii nimeshinda mie." Saada akamuuliza ameshinda nini, akasema, "Wee acha tu, utaona."

Gari lilikuja, jeupe, viti laini. Siku ya kwanza lilipoingia Shumba, Bi Mwanamize alikuwa amevaa nguo ya sikukuu na chetezo kiko mkononi. Alilifukiza udi ndani na nje, akapandishwa mbele, wakenda Wingwi wakarudi, na kila aliyemjua njiani alimpungia mkono. Walikula pamoja. Baada ya sala ya isha Hamdan alivaa kofia yake na kutafuta viatu.

"Kuna maiti?" aliuliza Bi Mwanamize.

"Narudi. Kesho alfajiri napokea mzigo dukani. Si gari lipo."

Alisema kwa wepesi, kama mtu anayekwenda nyumba ya pili kuazima chumvi. Bi Mwanamize alijiambia kazi ni kazi. Zamu iliyofuata kulikuwa na mzigo tena. Iliyofuata, mtoto alikuwa na kifua. Kisha hata sababu hazikutajwa, akawa anainuka tu. Hakukosa kuja hata siku moja, hilo tumpe haki yake. Alikuja, alikula, aliuliza habari za mbuzi na za paa, alitazama saa, alikwenda zake. Betri ikimaliza, injini inapokea. Bi Mwanamize alianza kupika bokoboko, chakula cha kusonga kutwa, alipike liive kwa kuchelewa ili na mume achelewe. Hamdan akala likiwa bado halijawa sawa, akalisifu, akaondoka.

Akawa anaamka anasikia kuku kila siku.

Alimlaani Widad. Ni nani asingemlaani? Alipokuwa anafagia alimlaani, alipokuwa anachuma mboga alimlaani, na laana ile ilimpa nguvu, mana mtu mwenye adui hujiona bado yumo vitani. Mpaka Ijumaa moja Widad akapiga simu.

"Asalaam aleikum, dada."

"Waaleikum salaam."

"Nisamehe dada, huenda nakosa adabu. Bwana siku za zamu yako anarudi kulala huku. Mie namwambia rudi kwa dada, hii si haki, ananiambia dada mwenyewe hajalalamika. Umeridhia kweli?"

Bi Mwanamize alisogeza sufuria pembeni ya moto.

"Watu wa hapa washaanza kunisema nimemfunga," alisema Widad, na sauti yake ilikuwa inakaribia kulia. "Wallahi sikumfunga. Mie ndo maana nilitaka lile la umeme. Nilimwambia, siku za dada lilale kwa dada. Lichomekwe kwenye soketi ya ukutani, hata umeme wenu ukiwa mdogo, usiku kucha litashiba, asubuhi ndo arudi. Atake asitake atalala. Nilimwambia wazi hivyo. Akaja huko, aliporudi akasema wewe umelikataa."

"Ndiyo," alisema Bi Mwanamize. "Nililikataa."

"Kwa nini, dada?"

"Mtoto hajambo kifua?"

"Hajambo."

"Mbusu."

Alikata simu, akakaa chini palepale jikoni, akalia. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wamesema wazee, lakini wengi huingia wakijua kisima wamekichimba. Yeye alichimba akidhani anapanda. Alilia kwa aibu, na alilia kwa sababu ya Widad pia, kwa kuwa kumchukia kulikuwa kumemsaidia sana na sasa hakuweza tena. Msichana yule alikuwa amempigania siku zake mbili, na yeye mwenyewe, kwa ulimi wake, alizitoa.

Halafu, machozi yalipokauka, likamjia neno moja. *Nilimwambia wazi hivyo.* Basi Hamdan alijua.

Zamu yake iliyofuata Hamdan alifika alasiri. Bi Mwanamize alimpa maji ya kunawa, akampakulia, akamwacha ale mpaka akamaliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa na tumaini dogo, na tumaini dogo ni baya kuliko hasira.

"Lile gari liuze," alisema.

"Gari si kuku, Mwanamize."

"Liuze uchukue la umeme. Nilikosea."

"Umekosea nini? Tulilichagua vizuri. Halijanilaza njiani hata mara moja."

"Ndo kosa lake," alisema Bi Mwanamize. "Lile jengine lingelala hapa, na wewe ungelala nalo."

Hamdan alitazama vidole vyake, vilikuwa bado vina mafuta ya chakula.

"Ulijua?" aliuliza Bi Mwanamize.

Angeweza kusema hakujua, na mkewe angemwamini, kwa sababu alitaka kumwamini. Lakini wachamungu wa namna ya Hamdan hawasemi uongo. Wanasema nusu, na ile nusu ya pili wanakuachia wewe uipoteze.

"Nilijua," alisema. "Nilikuja siku ile nikwambie nimechoka, nikashindwa. Yule mtoto akiamka asinione analia mpaka anakosa pumzi. Nikilala hapa silali, Mwanamize, nimelala jicho moja. Si kwamba umenikosea kitu. Hujanikosea kitu. Ulipolichagua mwenyewe lile gari, nikasema alhamdulillahi, Mungu amenifungulia njia."

"Na mie?"

"Wewe si ninakuja kukutazama?"

Nje mbuzi walikuwa wanarejea, na Bi Mwanamize alisikia mmoja anakohoa. Akajiambia kesho amtafutie dawa. Kisha akasema neno ambalo hakuwa amelipanga.

"Basi siku zangu nampa Widad. Zote."

Nitasema waziwazi kwa sababu wapo wanaume wasiolijua hili. Alisema ili akataliwe. Mtu akiwa anakula, ukimpitia, atakwambia karibu, na tonge ndilo la mwisho. Hatarajii kwamba utakaa ule. Anatarajia useme ahsante, nimeshiba. Bi Mwanamize alikaribisha, akangoja aambiwe la, haiwi, wewe ni mke wangu, usiseme hivyo tena.

Hamdan aliinua uso. Uso ule Bi Mwanamize alikuwa ameujua tangu una ndevu za kwanza, na sasa aliuona unalegea kama wa mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

"Kwa radhi yako?"

"Kwa radhi yangu."

"Hukulazimishwa?"

"Nani wa kunilazimisha?"

"Basi sema tena, Mwanamize. Sema yote, nikusikie vizuri. Nisije nikasimama mbele ya Mola wangu siku ya Kiyama na ubavu mmoja umelala, kama mume aliyemdhulumu mke mmoja."

Na akasema tena. Alikaa sawa, akajifunga mtandio, akasema polepole kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wa chuo cha Kurani: kwamba yeye Mwanamize amempa Widad siku zake na usiku wake, kwa radhi yake na akili zake timamu, na kwamba hamdai Hamdan duniani wala akhera. Alipofika kwenye akhera sauti ilimpotea, akaanza upya ili iwe sahihi.

Hamdan alitokwa na machozi. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akulipe pepo," alisema. "Umeniokoa."

Alinawa. Alisali magharibi pale ukumbini, haraka haraka, kisha akavaa kofia na viatu. Bi Mwanamize alisimama mlangoni akimngoja, hata yeye hakujua anamngojea nini. Mlangoni Hamdan aligeuka, na moyo wa Bi Mwanamize ukaruka.

"Chakula kimebaki?" aliuliza. "Nimpelekee mtoto, anapenda upishi wako."

Bi Mwanamize aliingia jikoni. Alipakua kilichobaki kwenye bakuli zuri, lile la maua la wageni, akalifunika sahani, akalifunga na kitambaa safi ili lisimwagike njiani. Hamdan alilipokea kwa adabu, akalipakata.

"Bakuli nitakurudishia," alisema.

"Kaa nalo," alisema Bi Mwanamize.