Maji Yanakokwenda

Kule San Onofre, katika milima ya Guatemala, kuna kijito kilichokuwa kikipita nyuma ya nyumba ya Eduviges Caal, kisha kikazama shimoni katikati ya mawe, kisionekane tena. Watu walijua hivyo, na kujua huko kuliwatosha. Eduviges, mjane aliyeuza sokoni achiote, zile mbegu za kutia mchuzi wekundu, hakutosheka.

"Yanakwenda wapi?" alimwuliza jirani yake Herlinda.

"Chini, shoga yangu. Ukishajua, utashiba?"

"Sishibi. Nataka kujua tu."

"Ama kweli, huna mume wa kukusumbua."

Padri Anselmo naye alimwambia siri za Mungu hazichokonolewi. Eduviges akaona Mungu asingeacha shimo wazi namna ile kama hakutaka lichunguliwe. Akasaga achiote yake yote ya msimu, akaikoroga, akaimwaga shimoni. Kutoka hapo ikawa kazi yake kuzungukia visima na chemchemi za bondeni, sketi imelowa hadi magotini.

Siku kadhaa baadaye kengele ya kanisa ikalia kama kumezuka moto. Chemchemi ya uani pa kanisa ilikuwa ikitoa maji mekundu. Watu walipiga magoti matopeni. "Damu ya mtakatifu!" alilia Herlinda, huku akijaza chupa. Eduviges akafika akihema, akachovya kidole, akalamba, akaangua kicheko.

"Kumbe yanakuja huku! Jamani, achiote yangu hii! Yamepita chini ya mlima mzima!"

"Furaha imempanda kichwani," alisema Padri, akambariki.

Kufikia Jumapili Eduviges alikuwa shahidi wa kwanza wa muujiza. Mahujaji walikuja kwa malori, wakamwomba awashike watoto wao vichwa. Kila alipowaeleza habari ya shimo, waliitikia, "Amina."

Maji yalipotakata, meya alimjia nyumbani, kofia mkononi, akafunga mlango mwenyewe.

"Mama Eduviges, mimi nakuamini."

Hatimaye, mtu! Akamvutia kiti, akaanza kumchorea mezani kwa kidole jinsi mlima ulivyo na uwazi ndani.

"Hayo sawa," meya alimkatiza. "Ulimwaga kiasi gani? Sikukuu ya mtakatifu imekaribia."

"Simwagi tena. Hilo nimeshalijua. Lakini hebu niambie, kutoka hapa hadi kanisani unafika kabla uji haujapoa. Maji yamekawia siku zote zile. Yalikuwa wapi?"

Meya akavaa kofia yake.

Siku ya sikukuu chemchemi ilitoka nyekundu kuliko mwanzo, ikinuka rangi ya dukani, na watu wakalia zaidi. Eduviges hakuwapo. Alikuwa ameingia pangoni upande wa pili wa mlima, kamba kiunoni. Herlinda, aliyebembelezwa tangu asubuhi, alishika ncha ya kamba akinung'unika kwamba anakosa maandamano kwa ajili ya kichaa. Kamba ikasonga, ikasimama.

"Wee Eduviges!" aliita, akiinamia giza. "Unaona nini huko?"

Akapiga magoti, akaingiza kichwa pangoni.

"Si nakuuliza! Kuna nini?"