Gari Lisilobisha Hodi

Mimi nilisema petroli. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu sasa kila mtu hapa Butali anajifanya ndiye aliyesema.

Mkwe wangu Griffin, mume wa binti yangu Ayuma, alikuja na kitabu cha picha za gari mwezi wa pili. SUV ndogo, mpya, ya watu wenye pesa zao, viti vya ngozi na paa la kioo. Kitabu kilisema gari ni lile lile, kazi yako ni kuchagua: la petroli, haibridi inayokunywa petroli na kula umeme, au la umeme mtupu. Basi ukoo mzima ukageuka mafundi. Shemeji yangu Isaiah, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, akasema achukue haibridi. "Ni kama kuwa na mabibi wawili," akasema. "Huyu akikunyima chakula, unaendanga kwa yule." Mimi nikamwambia Ayuma amwambie mumewe achukue la petroli, tena linalonguruma.

Nilimwambia kupitia Ayuma ingawa Griffin mwenyewe alikuwa ameketi hatua nne kutoka kwangu. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Mimi ni mavyala wake. Hatushikani mikono, hatutazamani usoni, na tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kwenye miwa. Miaka saba tumeishi hivyo na tunapendana sana, yeye akiisalimia kalenda ukutani, mimi nikiitikia huku naangalia sufuria. Lakini ili heshima hiyo ikae, lazima mama mkwe amsikie mkwe akija. Akija kwa miguu, anakohoa akiwa mbali. Akija kwa gari, gari linakohoa badala yake. Honi? Hapana! Mama mkwe hapigiwi honi. Si mbuzi aliyelala barabarani.

Gari lake la zamani lilikuwa na ekzosi iliyotoboka, na mimi nililipenda kwa moyo wangu wote. Likipinda tu pale kiwanda cha sukari, nimelisikia. Nilikuwa napata muda wa kuoga, kufunga kitambaa kichwani, kuteleka maji ya obusuma, ugali wetu, na kukaa jikoni nikiwa mama mkwe kamili. Yote hayo nilimweleza Ayuma, naye akamweleza mumewe. Mumewe akanunua la umeme. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa sikiliza. Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake mjukuu wangu alikuwa abatizwe kanisani kwao mjini, apewe jina langu, Kageha. Ayuma alikaa miaka sita bila mtoto. Miaka sita watu wananishika mkono sokoni na kunipa pole kana kwamba nimefiwa! Sasa mtoto yupo, ana miezi minne, na ni mimi niliyechaguliwa kumbeba hadi mbele ya padri. Nilikuwa nimeshona kitenge kipya. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kutembea na mto wa kitandani, kutoka chumbani hadi mlangoni, taratibu, bila kuyumba.

Walisema watakuja kunichukua saa tisa, tule kwanza ndipo twende kulala kwao Shieywe, huko mjini. Kwa hiyo saa sita mchana nilikuwa bado napigana na jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa ameingia chini ya ghala la mahindi. Nikavua gauni lisichafuke, nikabaki na petikoti, tena ile kuukuu ya kufanyia kazi. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa na mabega chini ya ghala. Kilichobaki nje, na si kidogo, kikaelekea langoni.

Nikamkamata jogoo mguu. Nikaanza kurudi nyuma kwa magoti, na kisigino changu kikagusa kitu kigumu. Nikageuka. Ni gari! Jeupe, linang'aa kama yai lililomenywa, limesimama hapo bila hata kupumua. Ndani, Griffin amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

Mtu anaendesha gari amejifunika uso! Ayuma aliniambia baadaye kwamba gari lilijifungia breki lenyewe. Lina macho mbele, na likiona kitu kikubwa kimelizuia, linasimama na kukionyesha kwenye skrini. Skrini yenyewe ni kubwa kama sinia. Laiti asingeniambia hilo la skrini.

Nikapiga ukemi. Jogoo akaponyoka. Gari likarudi nyuma kimya kimya kama mwizi, likatoka langoni na kuondoka na binti yangu na mjukuu wangu.

Kabla sijafunga vifungo vya gauni, Isaiah alikuwa ameshafika. Huyu mtu ukimwita akusaidie kupanda mahindi hasikii.

"Nimeona," akasema.

"Umeona nini?"

"Nimeona vile mkwe ameona. Hiyo kitu inalipwanga kondoo, shemeji. Kondoo mnono, na blanketi ya kukufunika, na wazee wakae wakule. Kabla ya hapo wewe na huyo kijana hamwezi kuwa chini ya paa moja."

"Hata paa la kanisa?"

"Kwani la kanisa si paa?"

Simu ikalia. Ni Ayuma, analia. Griffin amekata kauli kwamba hawezi kusimama kanisani nami kabla aibu haijaondolewa. Huyo kijana na suti zake zote, kwa mila anamshinda Isaiah! Ama nibaki nyumbani, ama ubatizo ungoje hadi Disemba, padri atakapobatiza tena.

Nilikaa juu ya kuni nikalia. Sikulilia petikoti. Nilimlilia yule mtoto. Mikono yangu ilikuwa tayari kumbeba, na sasa nilikuwa nimeishika tu mapajani.

"Mko wapi?" nikamuuliza Ayuma.

"Kwenye miwa, Mama, baada tu ya kiwanda. Gari limezima."

Kumbe umeme ulikuwa umepotea Shieywe usiku kucha, wakatoka mapema na chaji kidogo, wakitegemea kuchaji kwangu huku tukila kuku. Nikajifuta machozi. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, na gari la kifahari lililokwama haliwezi kunishinda. Nikampigia Kiptoo, dereva wa trekta la miwa, niliyemfundisha darasa la nne. Nikamwambia kuna gari jeupe limekufa barabarani, alifunge kamba alilete kwangu, maana hapo karibu hakuna soketi nyingine wanayoweza kuomba.

Ayuma akapiga tena. "Mama, Griffin anasema kitabu kimekataza gari lisivutwe."

"Mwambie aliyeandika kitabu aje alisukume."

Nikangoja. Isaiah akangoja, akihesabu wazee watakaokula kondoo. Kisha nikasikia: ngurumo ya trekta, inapinda pale kiwandani, halafu inapanda kuja huku. Mwili wangu ukainuka wenyewe. Nikaoga. Nikavaa kitenge kipya, nikafunga kitambaa kichwani, nikateleka maji ya obusuma, nikakaa jikoni. Nilipokaa ndipo nikatambua nilichofanya. Nikacheka peke yangu.

Trekta likaingia na moshi wake, nyuma likivuta lile gari. Griffin ameshika usukani, uso chini, kama mtu anayepelekwa kwa chifu. Majirani wamejaa langoni. Nikasimama mlangoni pa jikoni, macho kwenye ghala.

"Ayuma," nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "muulize mwenzako amefika hapa saa ngapi leo."

Griffin akaujibu usukani: "Saa sita."

"Saa sita mimi sikusikia mkwe. Majirani, nani alisikia gari saa sita?"

Wakatazamana. "Hatukusikia, Mwalimu."

"Basi hakuna aliyekuja. Mkwe asiyesikika hajafika. Mkwe wangu amefika sasa hivi. Nimemsikia tangu kiwandani, nimeoga, nimevaa, nimemtelekea maji. Mwambie karibu."

"Lakini mimi niliona!" Isaiah akapaza sauti.

"Uliona nini, Isaiah? Kondoo?"

Watu wakacheka hadi Kiptoo akashikilia gurudumu. Lakini Griffin hakucheka. Alibaki ndani ya gari, na mimi nikaogopa, kwa sababu mjukuu alikuwa wake kabla ya kuwa wangu, na akikataa, amekataa. Kisha mlango ukafunguka. Akashuka. Akaipa jikoni mgongo, akalitazama lango, akakohoa. Kikohozi kimoja, kirefu, cha mkwe mwenye adabu. Karibu nimpigie makofi.

Kiptoo ndiye aliyemkamata yule jogoo. Waya ukatoka dirisha la jikoni hadi kwenye gari, nalo likanywa umeme wangu saa tatu nzima. Isaiah alianza kusema kuhusu blanketi, tukampa firigisi, heshima ya mwanamume mkubwa, akatafuna.

Kesho yake nilimbeba Kageha hadi mbele ya padri, taratibu, bila kuyumba. Nililia tena, na safari hii sikujificha.

Wakati wa kunirudisha nyumbani nilikaa kiti cha nyuma na mtoto, Ayuma mbele. Griffin alikuwa amegeuza kioo cha ndani kikaangalia paa, asinione. Gari likateleza bila sauti, na nakubali, kwa hilo tu nakubali, nilimsikia mjukuu wangu akipumua njia nzima. Tulipofika kiwandani Griffin akasafisha koo, akasema na barabara.

"Mama, naomba radhi kwa jana. Mimi nilifumba macho. Sikuona chochote."

Miaka saba, ukiondoa salamu, sijawahi kumjibu bila kupitia kwa mtu, wala kumwita kwa jina.

"Griffin mwanangu," nikasema, "najua. Lililoona ni gari, na gari mimi sijaliozesha binti."