Mafuta Yapi?

Tulikuwa katikati ya kilima, mimi nimeketi nyuma ya pikipiki nikikumbatia trei za miche ya nyanya, mjukuu wangu ameshika usukani, injini ilipotoa mlio mwembamba kama kijiko kinachokwangua sufuria tupu. Kisha ikakwama. Magurudumu ya nyuma yalijifunga ghafla, nami nikasukumwa mbele hadi pua yangu ikagonga mgongo wake.

"Imekufa," alisema.

"Kinachokufa ni kiumbe. Mashine huharibika. Shuka."

Nilikuwa na hasira tangu asubuhi, kwa kuwa sikupenda jinsi pikipiki ile ya magurudumu manne ilivyokuwa ikilia. Mjukuu aliinunua ikiwa imekwishatumika, naye hakuwahi kumiliki chombo chochote chenye injini. Ni ya aina ile isiyo na mahali pake pa kuwekea oili. Oili huchanganywa na petroli, kizibo kimoja kwa kila lita, na mchanganyiko huo ndio unaochomwa, na ndio huohuo unaolainisha pistoni ndani. Jambo hilo alilielewa vyema. Alinieleza mezani mpaka chai yangu ikapoa. Hata hivyo, tangu siku ya kwanza ilipanda kilima kwa kukohoa, ikitema moshi mzito, na plagi yake ilipofunguliwa ilikuwa nyeusi, imelowa kama kijiti kilichochovywa kwenye lami.

Mwenye shamba la juu alikuwa ameagiza miche yote ya kitalu cha mjukuu, ifike leo kabla vibarua wake hawajaondoka. Ikichelewa, angechukua kwa mtu mwingine. Alilisema hilo kwa upole uliotisha kuliko kelele. Mjukuu hakuwa na mnunuzi mwingine, na miche ilikuwa imekwisha kurefuka. Wiki moja zaidi ingekuwa majani ya kutupa. Kwa hiyo jana alimpigia simu fundi ambaye sisi humwita Fundi Redio, kwa sababu kazi zake nyingi huzitangaza badala ya kuzifanya.

Tone la jasho lilimdondoka mjukuu kidevuni, likaangukia injini na kuchemka.

"Fundi alikwambia nini jana?" nilimuuliza.

"Nirekebishe mafuta."

"Sikuulizi maana. Nakuuliza maneno aliyoyatamka."

"Bibi, jamani, sasa ni wakati wa sarufi?"

"Ndio wakati wake hasa."

Alivuta pumzi. "Nilimweleza habari ya moshi na plagi. Akasema, 'Mafuta ni mengi hayo. Punguza mafuta, utaona itakavyopanda.'"

"Nawe ukapunguza nini?"

"Mafuta." Alinitazama, na uso wake ukaanza kubadilika. "Oili, Bibi. Nilitia nusu kizibo."

Neno moja limebebeshwa petroli, oili, kile tunachokaangia na kile tunachojipaka miguuni. Mtu ambaye mikono yake hushinda ndani ya petroli na oili analirusha kwenye simu bila kulifafanua, kwa msichana ambaye ndiyo kwanza anajifunza kushika spana.

Nilimpigia mwenyewe, nikaweka sauti ya nje ili mjukuu asikie.

"Shikamoo, Bibi."

Sikumwitikia. "Ulimwambia mjukuu wangu apunguze mafuta. Mafuta yapi?"

"Petroli, Bibi. Kabureta inamwaga petroli nyingi. Nilitaka ateremshe ile sindano yake inayopima petroli. Kila fundi anajua."

"Aliyekupigia si fundi. Alikupigia kwa sababu si fundi. Amepunguza oili."

Redio ilizimika.

"Imekwama?" aliuliza.

"Imekwama."

"Asiguse kiki. Mwambie asiiguse kabisa. Nakuja sasa hivi."

"Hayo maneno 'sasa hivi' nayo yana maana. Yatumie kwa maana yake."

Tuliishusha miche kwenye kivuli cha ukingo wa barabara. Nilivua mtandio wangu, tukaulowesha kwa maji ya kunywa, tukaifunika. Mjukuu hakulia, ila alikuwa akizipanga upya trei zilizokwisha kupangwa.

Fundi alifika akiwa na mfuko wa vifaa, kidumu cha petroli, chupa ya oili na tabasamu ambalo nililikata kwa macho.

"Unajua, Bibi, lugha ya gereji si kama ya darasani."

"Darasani neno likikosewa hufutwa kwa kifutio. Hili lako utalifuta kwa nini?"

Alisubiri injini ipoe, akafungua bomba la moshi, akamulika tundu lake kwa tochi. Mjukuu alichungulia pamoja naye. Ubavu mmoja wa pistoni ulikuwa na mikwaruzo, kama ukuta uliopitiwa na kucha za paka. Alizibonyeza ringi za pistoni kwa ncha ya bisibisi, zikacheza bila kunasa. Akatoa plagi, akatia oili kidogo kwenye tundu lake, akaizungusha injini kwa mkono, polepole. Ilizunguka.

"Imeumia, lakini haijalika sana," alisema.

Walimwaga mchanganyiko wote uliokuwa tangini, wakachanganya mwingine kwa kizibo kizima. Ndipo alipofungua kisanduku cha chujio la hewa, akatoa sifongo lililojaa tope kavu. Lilikuwa gumu kama kipande cha mkate wa juzi.

"Mnaona? Hewa haipiti. Hewa ikiwa kidogo, petroli inaonekana nyingi."

"Hapo ndipo ulipopaswa kuanzia," nilisema.

"Ndiyo, Bibi."

Alilifua sifongo kwa petroli, akalikamua, akalipaka oili kidogo ya kunasa vumbi, akalirudisha.

"Na ile sindano?" mjukuu aliuliza.

"Tuiache kwanza. Huenda iko sawa."

"Kwa hiyo," nilisema, "hapakuwa na mafuta ya kupunguza. Ya aina yoyote."

Aliinamia mfuko wake kutafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Mjukuu alipiga kiki. Injini ilikohoa, ikasita, kisha ikashika, kwa mlio mkavu na moshi mwepesi. Fundi alimwambia apande polepole na aipumzishe kwenye kona, kwa maana pistoni ile haitadumu.

"Mpya utaileta wewe," nilimwambia.

"Nitaileta, Bibi." Alijifuta mikono, akaanza kurudiwa na sauti yake ya kutangazia. "Haya, dada, mkifika huko juu uongeze mafuta kabla ya kurudi."

Nilifungua kinywa. Mjukuu aliniwahi.

"Mafuta yapi?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Petroli iliyochanganywa na oili. Kizibo kizima kwa lita."

"Asante," alisema mjukuu, kwa sauti kavu ambayo hakuirithi kwa mama yake.

Tulipanda tukipumzika, mimi nikiitazama miche iliyoanza kulegea shingo. Vibarua walikuwa wamekwisha kuyafunga majembe tulipofika. Mwenye shamba aliinua mtandio wangu uliolowa, akaitazama miche, akamtazama mjukuu na mikono yake iliyojaa oili, akawaambia vibarua wayafungue majembe.

Fundi Redio alinipigia jioni kuuliza habari. Shikamoo yake nitaiitikia pistoni mpya itakapofika.