Kofia Mbele ya Taa

Nimekuwa fundi wa maabara hapa Garching, karibu na Munich, kwa miaka thelathini na minane. Kemia niliisoma madarasa ya jioni, baada ya zamu za kiwandani, na sioni haya kusema kwamba naijua.

Daktari Severin Lechleitner, mtafiti wa maabara yetu, alikuwa na bamba moja tu la kumwokoa. Lilikuwa la chuma, limepakwa utando wa rangi ya haradali, mwembamba mara mamia kuliko ule wa ndani ya ganda la yai. Lilizamishwa majini chini ya taa kali inayoiga jua, lipasue maji na kutoa hidrojeni. Likidumu saa elfu moja mfululizo, mkataba wake ungeongezwa. Lisipodumu, mwisho wa mwezi angefungasha. Juu ya taa akabandika karatasi: USIZIME.

Saa ya mia saba, mkondo wa umeme kutoka kwenye bamba, kipimo cha kazi yake, ulianza kupanda. Severin akaleta bia na mikate ya chumvi ya pretzeli.

"Mzee Zirngibl, mbona hunywi? Bamba linazidi kupata nguvu!"

"Kila kinachofanya kazi bila kupumzika huchoka, Daktari. Hili lako nguvu limezitoa wapi?"

"Acha uchuro, mzee. Kunywa."

Nikanywa, kisha nikaenda kabatini.

Kila utando tunaopaka, mimi huhifadhi kipande chake kabatini. Cha bamba hili nilikipeleka kwa Walburga, mama anayeendesha hadubini. Severin alikuwa amepima utando wote kwa jumla, akakuta metali zake mbili, bismuti na vanadi, ziko nusu kwa nusu. Walburga akapima chembe kwa chembe. Ilichukua wiki nzima. Pale chembe zinapokutana, vanadi ilikuwa haba, na upungufu huo ulitambaa kila upande kama mizizi.

"Wastani wake safi kabisa," alisema. "Hata paa linalovuja, wastani wake ni mkavu."

"Maji yanaweza kupita hapo hadi kwenye chuma?"

"Ningekuwa maji, ningepita."

Nilimkuta Severin mchana, saa ya mia tisa na kumi na mbili. Nikamweleza yote.

"Funika taa dakika moja tu."

"Nikatishe jaribio? Umerukwa na akili, mzee?"

"Kama bamba linakula mwanga, gizani litalala njaa. Mkondo utakufa."

"Usipokufa?"

"Basi linakula kitu kingine."

Alitazama karatasi yake juu ya taa. "Fanya wewe. Mimi siwezi."

Nikavua kofia yangu ya sufu, nikaishika mbele ya taa. Kivuli kikalifunika bamba. Mshale wa kipima mkondo ukashuka kidogo, ukasimama. Tukasubiri. Haukushuka tena. Mng'ao ulipoondoka, tuliona vumbi la kutu limetulia chini ya chombo.

"Linajila lenyewe," akasema Severin. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya bia."

"Zimebaki saa themanini na nane tu, mzee. Nani mwingine anajua?"

Kofia sikuiondoa.

Hatimaye akaibandua karatasi, akazima taa kwa mkono wake mwenyewe. Majini, povu likaendelea kupanda.