Koplo Apewa Mji

Mtaa mzima ulimwita Bibi Pasi, maana pasi yake ya mkaa ilikuwa haipoi tangu asubuhi mpaka watu wamerudi majumbani. Nguo ikipita mikononi mwake, kunjo halina pa kujificha. Na zaidi ya pasi, alikuwa na ugonjwa wa vitendawili. Mteja akija kuchukua shati, kwanza anategwa. Akishindwa anatoa mji, anaambiwa jibu, ndipo anapewa shati lake.

"Bibi, nachelewa kazini!"

"Basi nipe mji upesi, mume wangu, uende."

Kwa miji aliyokwisha kupewa, Bibi Pasi angekuwa anatawala nusu ya dunia, na bado anapuliza mkaa mwenyewe.

Alijaliwa mtoto mmoja tu, naye ndiye huyo Koplo. Alipokuwa mdogo alikuwa anakaa chini ya meza ya pasi, mama juu, mwana chini, wanategana mpaka jua linazama. Kisha mwana akakua, akaingia jeshini, akapelekwa vitani. Alirudi na mikono yake miwili na miguu yake miwili, watu wakapiga vigelegele. Ila maneno hakurudi nayo. Vitendawili ndiyo kabisa, aliviacha hukohuko.

Daktari wa kwanza alikuwa mzee mtaratibu. Kamanda wa Koplo alikwenda mwenyewe kumweleza yaliyotokea kwenye daraja moja huko vitani, Koplo amekaa pembeni anatazama viatu vyake. Yule mzee akaupa ugonjwa jina: kiwewe cha vita. Jeshi likakubali kwamba limemuumiza mtu wake, akawa anapata malipo ya ulemavu kila mwezi. Kwa hayo walilipa kodi ya nyumba na dawa, na cherehani ya mkewe ikaongezea ya watoto. Maisha yakasukumwa.

Miaka ikapita. Kamanda akafariki, mzee daktari akastaafu, akaja daktari msichana, hodari na mpole. Alimtazama Koplo miezi kadhaa: mtu mkimya, hacheki, asubuhi hataki kutoka kitandani. Akabadilisha jina la ugonjwa. Akaandika sonona, yaani huzuni nzito iliyokaa mwilini. Akabadilisha na dawa, na kweli zikamsaidia kidogo. Nyumbani wakamwombea dua binti wa watu.

Hawakujua wanamwombea dua aliyekata tawi walilokalia, naye mwenyewe hajui. Ofisi ya wastaafu wa jeshi ilipoona jina jipya, ikasimamisha malipo. Kiwewe kilichotoka vitani hakipo tena, walisema. Sonona inampata mtu yeyote, hata asiyewahi kushika bunduki. Kama Koplo hakubali, aje mbele ya jopo la rufaa aeleze.

Jioni barua ya ofisi ilipofika, Koplo alikula na mama yake na mkewe, na kama kawaida yake akabakiza chakula upande mmoja wa sahani, akaisogeza. Mkewe akaitazama ile sahani.

"Miaka yote hii," akasema. "Mama, hebu nisaidie kumuuliza mwanao. Chakula changu kina nini? Kila siku lazima anibakizie, kama mtu aliyekula kwa jirani!"

"Chakula kizuri," Koplo akasema.

"Kizuri mbona hukimalizi?"

Koplo alinawa mikono. Alisema jingine, kwa sauti ya chini. "Sitakwenda kwenye jopo. Wanasema vita havikunipata. Basi havikunipata."

Bibi Pasi aliona moyo wake umepigwa pasi ya moto. Njaa angeivumilia, alishaizoea. Lakini mwanawe aambiwe alikwenda kule akarudi bure, kama mtu aliyetoka sokoni? Hapana. Kesho yake alimshika mkono kama mtoto wa chekechea, akampeleka kwa daktari.

Daktari aliposikia malipo yamesimamishwa, alishika kichwa. "Mama yangu, mimi niliandika nilichokiona. Sikujua jina litamkosesha haki yake."

"Ndoto je, mwanangu? Na kushtuka je? Hukuyaona?"

"Nimemuuliza kila mara alipokuja. Nasema, Koplo hujambo? Anasema sijambo. Usiku unalalaje? Salama. Ndoto mbaya? Hakuna, tunamshukuru Mungu. Nikaandika hakuna."

Bibi Pasi akajipiga paja, paa! "Lo! Koplo! Daktari anakuuliza ugonjwa, wewe unaitikia salamu!"

"Mama, huyu ni sawa na mwanangu wa kumzaa," Koplo alisema, uso chini. "Nimwambieje binti mdogo kwamba mimi, mtu mzima na ndevu zangu, naogopa usiku?"

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu. "Baba, sonona unayo. Hilo sikukosea. Lakini kama kiwewe ndicho kilichoizaa, basi ni ugonjwa uleule, umekua tu. Nitakwenda kwenye jopo niseme hivyo. Ila siwezi kusema nisichokisikia. Aliyekusemea amekufa. Sasa ni wewe."

Koplo akatazama viatu vyake. Lakini siku ya jopo ilipofika alivaa shati lake jeupe, na lile shati Bibi Pasi alilipiga pasi mara tatu.

Chumba cha jopo kilikuwa na meza ndefu, feni inayolia kama paka, na watu watatu nyuma ya meza. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Pembeni karani aliandika, mlangoni askari alisimama. Daktari, Bibi Pasi na mkewe Koplo waliketi kwenye benchi.

"Koplo," mwenyekiti akaanza, "hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Unaendeleaje na afya?"

"Salama tu. Tunamshukuru Mungu."

Karani akaandika: salama. Bibi Pasi nusura aanguke kutoka kwenye benchi.

"Una lolote la kutueleza kuhusu vita na ugonjwa wako?"

Koplo alifungua mdomo. Akaufunga. Jasho likaanza kuloanisha kola ya lile shati. Wajumbe wawili wakatazamana, mmoja akaanza kukusanya karatasi zake.

Bibi Pasi akasimama. Askari akasema, "Bibi, kaa chini, hujaitwa." Akasimama vilevile.

"Mwanangu," akasema, "kama huwezi kusema, tega."

Koplo akageuka akamtazama mama yake, kwa muda mrefu, kama anayemtazama kutoka chini ya meza. Kisha akawageukia wakubwa wale.

"Kitendawili," akasema.

Mwenyekiti akainua macho. Wakubwa wa serikali hawajategwa tangu walipovaa suruali ndefu. Mara karani, kalamu mkononi, ikamtoka bila kupenda:

"Tega!"

Akajiziba mdomo. Mwenyekiti alimtupia jicho, lakini hakumkemea.

"Nina mgeni," Koplo akasema. "Haji mchana, hagongi mlango, na kila akija, mimi mwenye nyumba ndiye ninayetoka."

"Mbu," askari wa mlangoni akasema. Watu wakacheka, hata feni kama ilicheka.

"Tumeshindwa," mwenyekiti akasema taratibu. "Chukua mji."

"Ni ndoto ya daraja. Ikija, najikuta nje barabarani bila viatu. Mke wangu hunifuata na kanga anifunike." Hakusubiri tena kuulizwa. "Kitendawili."

"Tega," wakaitikia watatu wa mezani.

"Nyumba yangu ina kitanda kizuri, nami nalala kwenye kizingiti."

Mjumbe aliyekuwa anakusanya karatasi alikwisha kuziacha. Huyo naye aliwahi kuwa jeshini, ilionekana jinsi alivyokaa. "Uko zamu," akasema.

"Umepata, afande. Vita vimekwisha, zamu yangu haijaisha. Hakuna aliyekuja kunipokea."

Mkewe Koplo alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Hayo mawili aliyajua, ameyalala na kuyaamkia. La tatu hakulijua.

"Kitendawili."

"Tega!" Sasa ni chumba kizima.

"Tulikuwa wawili kwenye sahani moja. Mmoja akabaki chini ya daraja. Lakini mpaka leo nakula naye."

Mjumbe mwanajeshi alitikisa kichwa, hana jibu. Karani hana. Mwenyekiti akavua miwani.

"Tupe jibu, Koplo. Mji umepata, tena mkubwa."

"Ni chakula ninachobakiza. Jeshini sahani ilikuwa moja, upande wake na upande wangu. Alikuwa rafiki yangu. Siwezi kula upande wake."

"Yarabi," mkewe akasema, na sauti ikamkatika. "Na mimi nilidhani ni chumvi!"

Koplo akacheka. Alicheka na machozi yanamshuka, na Bibi Pasi, ambaye alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu vita, alikaa chini mwenyewe bila kuambiwa na askari.

Mwenyekiti akamgeukia daktari. "Daktari, wewe uliyebadilisha jina. Tuna magonjwa mawili hapa, au mmoja?"

"Mmoja, mheshimiwa," daktari akasema, amesimama wima. "Umetoka kwenye lile daraja. Huzuni ni mtoto wake. Nilimwona mtoto, mama yake nilikuwa sijaonyeshwa. Leo nimemwona, nami nitaandika hivyo."

Watatu wale waliinamiana, wakanong'ona kidogo tu. Kisha mwenyekiti akavaa miwani yake.

"Jopo limesikia. Ugonjwa ni uleule, jina tu limebadilika, na asili yake ni vita. Malipo yarudi, na yaliyokatwa yalipwe." Akamtazama Koplo. "Na zamu yako, Koplo, sisi tumeipokea. Nenda kalale."

Yule mjumbe mwanajeshi akasimama akampigia saluti. Koplo akaipokea, kola imelowa na kifua kiko mbele.

Bibi Pasi alipofika mtaani hakuingia ndani. Alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni. "Mnasikia? Wamempa mwanangu mji! Serikali nzima imeshindwa!" Majirani wakatoka, wengine na sufuria mikononi, vigelegele vikaanza hata kabla hawajajua ni vya nini.

Jioni mkewe aliandaa sahani moja zaidi, akaiweka kando ya mumewe. "Hii ya rafiki yako," akasema. "Yako umalize, usinichezee."

Akaimaliza. Akaongeza.

Asubuhi wateja walikuta meza ya pasi ina watu wawili. "Bibi, shati langu," wa kwanza akasema, "na usinitege, nachelewa."

"Mimi leo sitegi mtu," Bibi Pasi akajibu, anapuliza mkaa wake. "Leo muulize huyu."

Koplo akakunja shati, akalishikilia.

"Kitendawili!"

Na mtaa mzima, kutoka kwenye milango na madirisha, ukaitikia:

"Tega!"