Pesa ya Mwisho wa Mwezi

Bahasha ya benki ilifika Jumatatu, kadi mpya imebandikwa kwenye barua kwa gundi laini. Bibi, fundi wa kushona, akavaa miwani, akaisoma barua kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka alipofika palipoandikwa: kiasi unachoweza kutumia, laki nne.

Akacheka peke yake mpaka mabega yakatikisika.

"Mzee huyu!" akasema. "Hata huko aliko hatulii."

Marehemu mumewe alikuwa fundi saa. Kwa miaka thelathini, kila mwisho wa mwezi, alikuwa akifunga kibanda chake, anapitia benki, anaweka chochote alichojaliwa kwenye akaunti ya mkewe, kisha anarudi nyumbani uso mkavu, kama mtu aliyetoka kunyoa ndevu tu. Mkewe hugundua siku akipeleka kitabu chake cha akiba benki kiandikwe.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi nitajuaje? Labda pesa zako zimezaa humo humo."

Na jioni, akimwona anasugua magoti kwa kukanyaga cherehani kutwa nzima, humwambia: "Vumilia kidogo. Ya umeme inakuja." Haikuja. Aliondoka yeye kwanza, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu.

Sasa laki nne kwa jina lake, zingetoka kwa nani mwingine? Bibi hakuuliza mtu. Kesho yake alivaa viatu vyake vya safari, akaenda duka la vyerehani, akachagua ya umeme yenye taa ndogo juu ya sindano. Muuzaji akachomeka kadi kwenye kimashine, Bibi akabonyeza namba ya siri iliyokuja kwenye bahasha ya pili. Laki tatu na nusu. Risiti ikatoka ikikwaruza.

"Hongera, Mama."

"Mpongeze mume wangu," akajibu.

Siku nne alishona ameketi kama mgeni wa heshima, miguu imetulia, na kila taa ile ilipowaka alisema, "Asante, Mzee."

Jumamosi akaja mjukuu wake, muuguzi, akasimama mlangoni mdomo wazi.

"Bibi! Umeokota wapi hii?"

"Babu yako kaninunulia, mke mwenzangu. Lia wivu."

Mjukuu akacheka, mpaka alipopewa barua. Aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi.

"Bibi, benki ulijaza fomu?"

"Walisema vitabu vinaondolewa, tuchukue kadi. Binti mmoja mkarimu akanionyesha pa kutia sahihi. Mara mbili."

"Ndipo hapo. Sahihi ya kwanza ni ya kadi ya akaunti yako, inayochota akiba yako mwenyewe. Bado haijafika. Hii ni ya pili, kadi ya mkopo. Hizi laki nne si zako. Ni za benki. Wanakwambia unaweza kukopa mpaka hapo, basi."

Bibi akazima taa ya cherehani.

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye, Bibi."

Mkono wa Bibi ukabaki pale kwenye kitufe. Deni halikumuuma, madeni aliyajua. Kilichomuuma ni kwamba kwa siku nne alikuwa na mume, na sasa alikuwa amefiwa upya.

"Wanaidaije?" akauliza mwishoni.

"Ukilipa yote kabla ya tarehe ishirini na tano, hawaongezi kitu. Wanaruhusu ulipe kidogo kidogo pia, ila usidanganyike: kinachobaki kinaota riba kila mwezi, na cherehani itazeeka bado unailipa. Au tuirudishe dukani. Nitakwenda nawe."

 Bibi akafungua kabati, akatoa kitabu chake cha akiba kutoka kwenye mfuko aliokishonea mwenyewe, akaanza kukipekua. Tarehe thelathini, elfu mbili. Tarehe thelathini na moja, elfu tatu. Mwezi ule Mzee alipovunjika mkono, mia tano. Aliifuata mistari ile kwa kidole kama mtu anayesoma barua.

Jumatatu walikuwa dirishani kwa karani wa benki.

"Nataka kulipa kadi hii yote," Bibi akasema, "kisha uifunge. Utoe humu kwenye kitabu. Lakini sikiliza, mwanangu: utoe kwenye hizi za mwisho wa mwezi. Hizi za katikati ni zangu za kushona, usiziguse."

Karani akatabasamu. "Mama, pesa ikishaingia haina alama. Yote ni moja."

"Kwako wewe."

Karani akamtazama mjukuu, mjukuu akatazama dari. Basi karani akaandika alichopaswa kuandika, akakata kadi vipande viwili kwa mkasi. Kitabu alikikata kona moja tu, kuonyesha kwamba hakitumiki tena, akakirudisha.

Njiani mjukuu hakuweza kuvumilia. "Bibi, lakini kweli unajua pesa ile yote ilikuwa yako mwenyewe?"

"Mke mwenzangu, babu yako alisema ya umeme inakuja. Alikuwa anaileta mia tano mia tano. Mimi ndiye niliyechelewa kwenda kuichukua."

Alipofika nyumbani aliketi, akawasha ile taa ndogo, akaanza kushona mfuko mpya wa kitabu.